Jirani Anapoitwa Frimasoni



Hapa kambini jina la Frimasoni limekuwa jiwe la kumtupia yeyote. Ndugu mmoja alianza kwa kuuza mahindi kwa kopo, baadaye akanunua mashine ya kusaga. Watu wakanong'ona kwamba ameuza damu. Wateja wakapungua. Mtoto wake alipofariki, sisi wazee wa kanisa hatukwenda kuchimba kaburi. Waliokwenda ni vijana watatu wa dini nyingine. Kwa hiyo tunauliza: je, inampasa Mkristo kumhukumu mtu kwa jambo asilolijua?

Basi tujue kwanza. Frimasoni ni chama cha watu wanaokula kiapo na kukutana katika makundi yaitwayo loji. Kila loji ina mkuu, wasaidizi wake wawili, katibu, mtunza hazina na mlinzi wa mlango. Mwanachama hupanda ngazi tatu kwa mfano wa waashi wa mawe: mwanafunzi, fundi na fundi mkuu. Kanuni zao zilizochapwa London mwaka 1723 ziliwakataa wanawake na watumwa.

Tutazame loji moja ya Boston, Marekani. Prince Hall alikuwa mtu mweusi huru, fundi wa ngozi. Kama wanavyosimulia wenyewe, mwaka 1775 yeye na weusi wenzake 14 walipokelewa na loji ya askari wa jeshi la Uingereza. Askari walipoondoka, waliwaachia ruhusa ndogo: kukutana, kuandamana siku ya Mtakatifu Yohana, na kuzika wafu wao. Kupokea wapya hawakuruhusiwa. Wakaomba hati London. Ilitolewa mwaka 1784 ikawafikia mwaka 1787, kwa jina la African Lodge, namba 459. Frimasoni weupe wa Marekani waliendelea kuwakataa. Huko Connecticut warithi wao walitambuliwa mwaka 1989 tu.

Lakini tazameni matendo yao. Mwaka 1777 Hall alitia sahihi ombi la kuwaweka huru watumwa wa Massachusetts. Mwaka 1788 weusi watatu huru walidanganywa Boston, wakapandishwa merikebu na kupelekwa Karibi kuuzwa. Hall na wenzake wakaliandikia baraza la kutunga sheria. Mwaka huo huo sheria ya kukataza biashara hiyo ikapitishwa, na wale watatu wakarudi nyumbani. Kanuni ya chama ilimfungia mtumwa mlango, lakini hawa walitoka nje wakamtetea.

Hatuandiki haya ili mtu ajiunge. Kiapo cha siri kinatusumbua, maana Bwana wetu alifundisha hadharani, na upendo wake hauulizi ishara ya mkono. Lakini kukataa chama ni jambo moja, kumzushia jirani ni jambo lingine.

Wengine watasema, "Mchungaji, tusijilinde na roho chafu?" Tujilinde, ndiyo. Lakini kupima roho si kuhesabu mali ya mtu. Mashine ya kusaga si ushahidi wa dhambi. Anayesema asilolijua amevunja amri inayokataza ushahidi wa uongo, hata kama anasema kwa sauti ya chini. Tena tujiulize: sisi tulionong'ona gizani na kumfungia mwenzetu mlango, je, hatukuwa na loji yetu? Wale wa Boston walipigania ruhusa ya kuzika wafu wao. Sisi tulikuwa na ruhusa, tukaketi nyumbani.

Wazee tumekwenda kwa ndugu yule kuomba msamaha. Alitupa viti, akatusikiliza, hakusema mengi. Jumamosi asubuhi tutakwenda kulisafisha kaburi la mtoto wake. Atakayeweza aje na jembe.

Mungu awabariki.