Kichwa cha Yatima

Miongoni mwa misemo ya Waarabu umo mmoja unaomkebehi muumikaji asiyeijua kazi yake, kwamba amejifunza kuumika juu ya vichwa vya mayatima. Watu wa Unguja na Pemba, wanaoijua chuku na wembe wake, hawahitaji kufafanuliwa. Wembe ukizama kupita kiasi, mtoto mwenye baba atarudi kwao akilia, na muumikaji atakuja kuulizwa. Yatima hana wa kumwulizia, na kwa hiyo kichwa chake ni chuo cha bure. Msemo haukatai kwamba muumikaji sharti ajifunze, wala haudai kwamba kazi hiyo yaweza kujulikana kwa kuchanja maboga. Unauliza tu ni kichwa cha nani.

Swali hilo limesimama mlangoni mwa kila wodi inayopokea wanafunzi wa shahada ya uuguzi. Nchini Tanzania masomo hayo huchukua miaka minne, na mhitimu hutumikia mwaka mmoja zaidi chini ya uangalizi wa waliomtangulia. Darasani husoma maumbile ya mwili na kazi zake, elimu ya dawa, magonjwa na maadili ya kazi. Lakini mtu aweza kuitaja mishipa ya mkono kwa majina yake yote, asiweze kuupata hata mmoja katika mkono wa bibi kizee aliyeishiwa maji mwilini. Aristotle aliliona jambo hili zamani: mtu huwa mjenzi kwa kujenga, na mpiga kinubi kwa kukipiga kinubi. Alichoacha kutaja ni kwamba jiwe halioni maumivu. Ukuta wa mwanagenzi ukienda upande hubomolewa ukajengwa upya, bali mshipa uliotobolewa mara tatu ni wa mtu, naye mtu huyo usiku ule atalala na mkono uliovimba.

Wapo wanaodhani kwamba ufundi wa zama hizi umekwisha kulimaliza tatizo. Vyuo vina vyumba vya mazoezi vyenye wanasesere wanaopumua, wanaotoka jasho na wanaokufa kwa amri ya kompyuta. Mwanasesere mashuhuri kupita wote, anayetumika kufundishia namna ya kumpulizia pumzi mtu aliyezimia, alitolewa mwaka 1960 na Åsmund Laerdal, mtengeneza vichezeo wa Norway. Sura yake ilichukuliwa kutoka kinyago cha msichana asiyejulikana jina, ambaye inasimuliwa kwamba aliopolewa akiwa maiti katika mto Seine, mjini Paris, mwishoni mwa karne ya 19. Kama kisa hicho ni cha kweli, basi hata mwanasesere, aliyebuniwa ili binadamu asisumbuliwe, ana uso wa mtu ambaye hakuna aliyemwomba ruhusa.

Wanasesere wana faida, na anayewabeza hajawahi kuchomwa sindano na mkono unaotetemeka. Utafiti mkubwa uliotangazwa Marekani mwaka 2014 ulionyesha kwamba hadi nusu ya saa za mazoezi ya hospitali zaweza kufanyiwa katika vyumba hivyo pasipo wahitimu kupungukiwa na ujuzi. Ni habari njema, ila ihesabiwe vyema: nusu ya pili imebaki palepale. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2005 linataka muuguzi apitie saa zisizopungua 4,600 za mafunzo, na angalau nusu yake ziwe za vitendo. Nchi tajiri kuliko zote bado zinahitaji mtu aliyelala kitandani, akaunyoosha mkono wake.

Basi mgonjwa ni chombo cha kufundishia. Maneno haya ni makali, lakini kuyakwepa hakumsaidii yeyote. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785 kuhusu misingi ya maadili, alikataza mtu kumtumia mwenzake kama njia tu ya kufikia lengo. Uzito wote umo katika hilo neno “tu”. Abiria humtumia nahodha, na nahodha humtumia abiria apate riziki. Hakuna aliyedhulumiwa, kwa kuwa kila mmoja anajua safari ni ya wapi na amekubali kupanda. Mgonjwa naye aweza kumsomesha mwanafunzi kwa mwili wake na heshima yake ikabaki kamili, ikiwa anajua kwamba anasomesha.

Mara nyingi hajui. Mwanafunzi huingia na vazi jeupe, mgonjwa humwita “dokta” au “sista”, na mwanafunzi hunyamaza. Hajasema uongo wowote, ila ameuacha uongo umtangulie. Kuna ajabu moja hapa ambayo haizungumzwi sana. Tangu kanuni za Nuremberg za mwaka 1947, na tamko la Helsinki la mwaka 1964, yeyote anayetaka kutoa damu ya mtu kwa ajili ya utafiti hana budi kumweleza na kupata ridhaa yake, na desturi ya leo ni kuiandika ridhaa hiyo na kuitia saini. Anayetoa damu ileile kwa mkono ambao haujawahi kuitoa huachiwa desturi na haya yake mwenyewe.

Watetezi wa kimya wana hoja. Wanasema: wagonjwa wakiulizwa watakataa wote, na baada ya miaka kumi hakutakuwa na muuguzi. Hoja hii inawadhania watu vibaya. Bibi aliyelea wajukuu, akawafundisha kukuna nazi kwenye mbuzi mpaka vidole vikatoka damu, anajua zaidi ya profesa kwamba hakuna azaliwaye anajua. Mwambie, “Shikamoo bibi. Mimi ni mwanafunzi, mwalimu wangu yuko hapa nyuma yangu, naomba uniruhusu nikupime,” na mara nyingi atautoa mkono na dua juu yake. Anayekataa ana sababu zake, na mwili ni wake. Tena hoja hiyo inakiri jambo zito bila ya kukusudia, maana anayesema wakiulizwa watakataa amekwisha kubali kwamba kinachofanyika kinategemea kutoulizwa.

Hoja ya pili ni kwamba katika hospitali ya serikali mgonjwa hutibiwa bure au kwa gharama nafuu, na mwili wake ndio mchango wake. Hapa ndipo yatima wa msemo anapoonekana waziwazi. Mwenye fedha hujilipia chumba peke yake, na mlango wa chumba hicho mwanafunzi haugusi. Mama aliyetoka shamba kwa gari la abiria, uchungu ukiwa umemshika, hukutana na mikono mingi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 unaona yatosha mzazi apimwe njia kila baada ya saa nne pale uchungu unapokolea na mambo yakiwa ya kawaida. Wanafunzi watatu wakimpima mmoja baada ya mwingine ili kila mmoja apate saini katika kitabu chake cha mazoezi, vipimo viwili kati ya vitatu havikuwa vyake yeye. Bei ya matibabu haikutajwa hivyo alipokuwa akipokelewa. Na kama ni deni la jamii nzima, kwa nini lilipwe na maskini peke yake, ilhali muuguzi aliyehitimu atamhudumia tajiri vilevile?

Haitakuwa haki kumtupia mwanafunzi lawama yote. Shule ya Florence Nightingale ilipofunguliwa katika hospitali ya St Thomas', London, mwaka 1860, wanafunzi walijifunza kwa kufanya kazi za wodi, na kwa miaka mingi baadaye hospitali nyingi ziliendeshwa kwa mikono ya wanagenzi. Kuuingiza uuguzi katika vyuo vikuu, kazi iliyoanzia Minnesota, Marekani, mwaka 1909, kulikusudiwa pamoja na mengine kumfanya mwanafunzi awe mwanafunzi kweli. Lakini penye wauguzi wawili na wagonjwa arubaini, mwanafunzi wa mwaka wa pili hugeuka mtumishi ifikapo saa tatu ya usiku, na mwalimu wake yuko nyumbani. Anayeagizwa kumtia mgonjwa mpira wa mkojo naye hajawahi, kisha akaogopa kusema hajawahi, ni yatima wa aina yake.

Wala mgonjwa hapati hasara tupu. Muuguzi mzoefu hupita na dawa akaenda zake, kwa kuwa vitanda vinamngoja. Mwanafunzi huketi. Huuliza mgonjwa amelalaje, ana watoto wangapi, nani anamletea uji. Huandika yote kwa ajili ya kazi ya darasani, na katika kuandika huko mara nyingine hugundua kwamba mzee hamezi vidonge, anavificha chini ya mto.

Linalobaki ni kitabu cha mazoezi chenyewe. Kitabu huhesabu yaliyotendwa: sindano ngapi, vidonda vingapi, wazazi wangapi. Mwanafunzi aliyeomba ruhusa akakataliwa hurudi mikono mitupu, na mwenzake ambaye hakuomba hurudi na saini. Muhula ukiisha wa pili ndiye aliyetangulia. Maadamu hesabu ni hiyo, somo la maadili litasomwa Jumatatu asubuhi na kufutwa wodini Jumatatu mchana, kwa saini ya mwalimu yuleyule. Mama wa uchungu akisema, “Mwanangu, naomba anipime aliyekwisha jua, wewe nishike mkono,” na msichana akamshika mkono kwa saa tano mpaka mtoto akalia, mwalimu atatafuta ukurasa wa kuliandika jambo hilo, na hatauona.