Utanzu na Deni la Ukweli: Tippu Tip na Mbotela

Vitabu vyetu vya nadharia aghalabu huigawa nathari isiyo ya kubuni katika tawasifu, wasifu, historia, insha, shajara na masimulizi ya safari, kisha kila utanzu ukatajiwa sifa zake za kifani. Darasani mgawanyo huo unafaa. Hata hivyo, unakwepa swali la kimaadili: mwandishi wa utanzu fulani anadaiwa ukweli upi, na anayemdai ni nani?

Tuitazame tawasifu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Humo mna safari za kutafuta pembe, vita na hesabu za mali. Kigezo tulichozoea katika tawasifu ni unyofu wa nafsi inayojisimulia, na kwa kigezo hicho Tippu Tip yamkini angefuzu, maana hajifichi sana. Lakini watumwa na wapagazi wamo katika matini kama mizigo na idadi. Unyofu wa mtu kuhusu nafsi yake haulipi anachodaiwa na wengine. Heinrich Brode, Mjerumani aliyeyachapisha maandishi hayo mwanzoni mwa karne ya 20, aliandika pia wasifu wa mtu huyo huyo. Utanzu ulibadilika, shahidi mkuu alibaki yule yule.

Uhuru wa Watumwa (1934) cha James Mbotela kinatutatiza zaidi. Mwandishi ni mzao wa waliokombolewa, na anasimulia habari za mateka hadi makazi ya Freretown, Mombasa. Wapo wahakiki waliokihesabu miongoni mwa riwaya za mwanzo za Kiswahili, pengine kwa mtiririko wake wa visa. Huo si ubishi wa istilahi tu (ingawa sisi wahakiki tunaupenda ubishi wa aina hiyo). Tukikiita riwaya, sifa anazowamiminia Waingereza zinakuwa mtazamo wa msimulizi, nasi tunaishia kuuchambua. Tukikiita historia, hapana budi tumwulize mwandishi ushahidi wake, na tumwulize pia kwa nini uhuru umeandikwa kama zawadi. Bara ya Mombasa na Malindi, katika karne ya 19, walikuwapo watoro waliojikomboa kwa miguu yao wenyewe na kujenga makao mahali kama Fuladoyo. Riwaya ina hiari ya kuwaacha nje. Kitabu chenye jina la Uhuru wa Watumwa, kikisomwa kama historia, hakina hiari hiyo.