Nishani na Shukrani

Ndugu Waislamu, hapa Mtangawanda watu hulalamika kwamba Serikali, igawapo nishani za taifa, huwasahau washairi wa visiwa vyetu. Je, yafaa kudai sifa, ilhali malipo ya mwenye elimu yako kwa Mola wake?

Yatupasa kupambanua. Mshairi asijitafutie sifa, kwani riya huharibu amali. Lakini jirani yake akinyamaza, ameificha haki. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Na Utendi wa Tambuka ulitungwa hapa Pate mwaka 1728, na Mwana Kupona akatunga wake mwaka 1858, kabla ya kuwako Kenya. Basi hilo ni deni la taifa, na kulidai ni uadilifu.

Walakini nasi tuna deni. Hati alizozinakili Muhammad Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, zimehifadhiwa London. Na zilizobaki majumbani mwetu, ni ngapi zimeliwa na mchwa? Tuiandikie Serikali majina ya washairi wetu walio hai, na papo hapo tuwasomeshe watoto wetu tungo zao. Kuwashukuru watu ni katika kumshukuru Mwenyezi Mungu, na shukrani huanzia nyumbani.