Usimhesabie Mwenzako Matonge



Kwaresima iliyopita nilitenda dhambi mezani, tena tumbo langu likiwa halijashiba.

Ilikuwa Jumatano ya Majivu, nyumbani kwetu Isikizya. Nilikuwa nakula na binamu yangu. Yeye anafyatua matofali, mimi nashinda nimekaa dukani. Kwenye mlo wetu mmoja wa siku ile akaongeza ugali mara ya pili. Nikamwambia mbele ya watu, "Kaka, kufunga gani huku? Huo ni ulafi." Akanawa mikono, akanyanyuka. Tangu hapo akawa anagusagusa tu chakula, mpaka siku moja akapata kizunguzungu kazini.

Bibi akaniita. "Mjukuu wangu, wazee wetu Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo. Wangekula matonge mawili kama wewe, wangevuka Ugogo?"

Nikanyamaza. Nikaanza kusoma.

Kumbe mwili hutumia nguvu hata ukiwa umelala. Ubongo, ini, moyo na misuli vyote vinadai chao. Mwenye mwili mkubwa na misuli mingi anahitaji zaidi, na njaa yake kwa kawaida hufuata hitaji hilo. Mafuta ya mwilini nayo hutoa homoni ya leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994, inayoujulisha ubongo kama akiba ipo. Akiba ikipungua, njaa inapanda. Hiyo njaa hujaichagua wewe.

Wala huwezi kuikadiria kwa macho. Utafiti uliotolewa mwaka 2012 kuhusu Wahadza wa kule Ziwa Eyasi ulionyesha kwamba, pamoja na kutembea kwao kote, ukizingatia ukubwa wa mwili, nguvu wanazotumia kwa siku hazizidi za watu wa Marekani na Ulaya.

Je, basi ulafi haupo? Upo, ndugu zangu. Lakini Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba hauko kwenye wingi tu. Kula kwa pupa, kula kabla ya wakati, kudai vinono: navyo ni ulafi. Hapo nikajiona. Mimi ndiye ninayenuna nikiwekewa mlenda.

Kanisa linatudai kufunga tukishatimiza miaka 18: mlo kamili mmoja, na viwili vidogo vinaruhusiwa. Halikutaja matonge. Nadhani ni kwa sababu mlo wangu kamili si wako. Kipimo kiko kati yako na Mungu, na ukidanganya, unamdanganya Yeye.

Yule Farisayo wa hekaluni alifunga mara mbili kwa juma, huku akimwangalia jirani. Mimi nilifunga siku moja tu, nikafanya hivyohivyo.

Nilimwomba binamu msamaha, kisha nikaenda kitubio. Jioni ile tulikula pamoja. Akaongeza ugali, nami nikamsogezea mlenda.

Wewe je, kuna mtu uliyemfanya aone aibu kula mbele yako? Mtafute kabla ya Ijumaa.