Bustani ya Uani na Hisabu ya Nafsi

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad. Ama baada ya hayo:

Watu wameuliza tangu kale: mtu aijueje nafsi yake? Wenye ilimu wakajibu: kwa kuihisabu. Al-Harith wa Baghdad, aliyefariki mwaka 857, aliitwa Al-Muhasibi kwa sababu ya kazi hiyo. Lakini hisabu hii ina taabu, kwani mdaiwa na karani ni mtu mmoja. Nafsi ikiulizwa, "Una subira?" hujibu, "Ninayo," wala hapana shahidi wa kuikadhibisha.

Basi, ewe ndugu, tafuta shahidi asiyejua kusifu. Waweza kumpata uani kwako. Panda mrehani, mchicha na mlimau, uitunze kwa mkono wako. Usipoutia maji katika jua la kaskazi, mrehani utanyauka, wala hautasikiliza udhuru. Ukiumwagia kupita kiasi kwa pupa, mizizi itakosa hewa na kuoza. Hapo utaujua uvivu wako na haraka yako. Na mlimau uliopandwa kwa mbegu utakungojesha miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Huo ndio utakaoipima subira uliyoitaja.

La kuzingatiwa zaidi ni ndago. Ukizikata majani kwa jembe, ua huonekana safi; baada ya siku chache zimerudi, maana chini ya ardhi mna vifundo vilivyoshikana kama tasbihi, na vifundo hivyo huchipua tena. Ndivyo ilivyo hasadi. Aliyeacha kusengenya mbele za watu, na chuki imebaki moyoni, amekata jani tu. Imam Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliifananisha kazi ya mlezi wa nafsi na ya mkulima ang'oaye miiba.

Huenda mtu akasema: jembe ni la wake na vibarua, na mahali pa muungwana ni barazani. Neno hili halikutoka katika dini. Imepokewa kuwa Mtume s.a.w. alipanda miche ya mitende kwa mikono yake ili Salman Al-Farisi apate uhuru wake. Dharau ya jembe ni masalio ya utumwa. Sheria iliuondoa Unguja mwaka 1897, na katika mwambao wa Kenya mwaka 1907, lakini aibu ile ingali vifuani mwa baadhi yetu. Na aonaye haya kuuinamia udongo alioumbwa nao, amekwisha kujulishwa jambo moja katika nafsi yake.

Wala hatusemi kwamba bustani yatosha badala ya sala na toba. Kioo hakioshi uso. Huonyesha taka, na kuosha ni juu ya mwenyewe. Asiye na ua, kopo moja la udongo dirishani lamtosha. Na kitakacholiwa humo na mtu, ndege au mnyama ni sadaka kwake, kama alivyotufundisha Mtume s.a.w.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuzihisabu nafsi zetu kabla ya kuhisabiwa. Amin.