Kutu Iliyo Chini ya Rangi

Mpwa wangu mmoja, fundi wa umeme aishiye Birmingham huko Uingereza, ameniletea swali. Nilidhani kumjibu ni kazi ya dakika tano. Nimelala nalo siku nyingi, na sasa naona ya kuwa si lake peke yake, bali ni la kila mtu auzaye kitu kwa mwenziwe asiyekiona. Nao watu wa namna hiyo siku hizi ni wengi miongoni mwetu, tangu Mombasa mpaka Kigoma. Kwa hiyo nalileta hapa mbele ya wasomaji.

Kisa chenyewe ni hiki. Miaka mitatu iliyopita alinunua gari la zamani la mbio, Datsun 240Z la mwaka 1971. Hakuliona kwa macho. Aliona picha kumi na mbili katika intaneti, zilizowekwa na mtu wa kaskazini ya Marekani. Akasoma maneno yasemayo kwamba gari lina kutu kidogo ya juujuu. Akatuma fedha, akangoja meli.

Wazee hawataniuliza kwa nini gari hilo na si jingine. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mashindano ya Safari kwa gari la namna hiyo, na la pili kufika likawa la namna hiyo hiyo, likiendeshwa na Shekhar Mehta. Mwaka 1973 Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda yeye, ingawa alama zake zililingana na za Harry Källström aliyeendesha Datsun ya aina nyingine. Marehemu baba yangu, ambaye ndiye babu yake kijana huyu, alisimama kando ya barabara kuyatazama yakipita, akarudi nyumbani amejaa vumbi mpaka kwenye kope, na habari hiyo aliisimulia hata alipokuwa amesahau majina yetu. Basi kijana alinunua gari, na pamoja nalo akanunua sauti ya babu yake. Sitamcheka kwa hilo. Wako watakaosema ni anasa. Huenda ni anasa, lakini shauri hilo alikwisha kulimaliza na mke wake, nami sina la kuongeza.

Gari lilipofika, aligonga ubavu wake kwa kidole, likatoa sauti ya kibuyu mahali palipopasa kulia bati. Akachukua sumaku, akaifunga kitambaa isije ikakwaruza rangi, akaipitisha polepole tangu mbele hata nyuma. Penye chuma ilishika. Penye puti iliteleza ikaanguka. Ilianguka mara nyingi. Alipopiga msasa alikuta puti nene kama kidole gumba, na chini ya milango, katika ile boriti ya bati yenye uwazi ndani, alikuta magazeti yaliyokunjwakunjwa na kufunikwa kwa faiba, kisha yakapakwa rangi nzuri.

Yafaa nieleze kidogo habari ya kutu, kwa maana hapo ndipo lilipo shina la neno hili. Chuma hakitaki zaidi ya maji na hewa ili kiote kutu. Chumvi huongeza kasi. Huko kaskazini ya Marekani humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu, na matope yake huingia katika mashimo ya bodi yasiyofikiwa na maji ya kuoshea. Mtu wa Tanga au wa Lamu aliyeona mabati ya nyumba iliyo karibu na bahari hahitaji kufundishwa zaidi. Tena kutu huvimba, kwa kuwa huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ndiyo maana rangi hutoa malengelenge kabla ya tundu kuonekana. Yaani lengelenge dogo kama punje ya mtama laweza kuwa ni mlango wa pango.

Na Datsun hii haina chesisi ya peke yake kama lori. Bodi yenyewe ndiyo chesisi. Sakafu, mihimili iliyo chini ya sakafu, na boriti hizo za chini ya milango, ndiyo mifupa yake; zikiliwa na kutu, gari laweza kung'aa kama sarafu mpya na huku halina uti wa mgongo. Likigongwa, hujikunja.

Kijana alifanya kazi majira mawili ya baridi katika banda la kukodi. Alikata sakafu yote akaweka bati jipya. Alijifunza kuchomelea, akaungua mikono, akaizoea kazi. Alizisafisha kabureta mbili, akaifungua injini ya silinda sita na kuifunga tena, ikanguruma. Boriti ya kulia aliitoa yote akaitengeneza upya. Ya kushoto hakuigusa. Fedha zilikuwa zimekwisha, na mtoto wa tatu alikuwa njiani. Naye kwa hamu tu ya kuliona gari lake limekamilika, alilipaka lote rangi ya chungwa, pamoja na ule upande ambao chini yake magazeti ya Mmarekani yangalimo. Nashuhudia ya kwamba siku ile hakuwa na nia mbaya.

Sasa anataka kuliuza. Magari hayo yalipoanza kuuzwa Marekani, bei yake ilikuwa dola 3,500 na kidogo. Mnamo Januari 2020 moja la mwaka 1971, lililotunzwa vizuri mno, lilinunuliwa huko katika mnada wa intaneti kwa dola 310,000. La mpwa wangu halikaribii bei hiyo hata kwa ndoto, lakini habari za namna hiyo hufanya macho ya watu yang'ae. Mtu mmoja wa Scotland ameona picha, amepiga simu, ametaja bei nzuri, na amesema ataleta lori kulichukua. Hakuomba kuja kulitazama. Hakuuliza habari ya upande wa kushoto.

Naye kijana ananiandikia: “Shikamoo Mjomba. Mimi sikusema uongo wowote. Asipouliza, je, nimemdanganya?”

Ukiuliza sheria, jibu lake ni jembamba. Sheria ya Kiingereza ya mauzo, ambayo Kenya na Tanzania tulirithi misingi yake, humtaka mtu wa kawaida auzaye mali yake isipingane na alivyoieleza. Lakini kwa kadiri kubwa humwachia mnunuzi ajihadhari mwenyewe. Asemaye uongo hushikwa. Anyamazaye mara nyingi huachwa aende zake. Hata ule ukaguzi wa kila mwaka haumsaidii yule wa Scotland, maana tangu Mei 2018 gari lililopita miaka 40, kama halikubadilishwa sana, halilazimiki kupelekwa kupimwa. Kwa hiyo hakuna jicho la serikali litakaloinama chini ya mlango ule. Limebaki jicho la mpwa wangu.

Mtakatifu Thomas wa Akwino aliliuliza swali hili hili katika karne ya 13, akiandika habari ya udanganyifu katika biashara. Jibu lake ni la mtu aliyewahi kuona soko. Ila ikiwa imefichika, na ikiwa yaweza kumletea mnunuzi hasara au hatari, muuzaji amefungwa kuisema. Lakini ila iliyo wazi, kama vile farasi mwenye jicho moja, halazimiki kuitaja, mradi bei yake ameipunguza kwa haki. Tena huongeza neno la busara: muuzaji halazimiki kumtuma mpiga mbiu atangaze ubovu wa mali mjini, kwani watu wangekimbia kabla ya kupima uzuri wake, ila amwambie kila mtu ajaye kununua.

Nilipoyasoma hayo nilidhani nimekwisha kupata jibu la kijana. Halafu nikaona ya kuwa Thomas alikuwa na jambo moja asilohitaji kulisema, kwa sababu zama zake lilijulikana na wote: mnunuzi alisimama mbele ya farasi. Chongo ni ila ya wazi kwa sababu pana mtu wa kuiona. Mwondoe mtu huyo sokoni, umweke mbali maili mia tatu, umpe picha kumi na mbili. Chongo nayo imekuwa ila ya siri, maana farasi aweza kupigwa picha ubavu mmoja tu. Biashara ya kutoonana haimpunguzii muuzaji wajibu wake. Humwongezea. Yale ambayo zamani macho ya mnunuzi yangeyafanya, sasa hayana wa kuyafanya isipokuwa ulimi wa muuzaji.

Wala picha si kimya. Mtu achaguaye mahali pa kusimama, saa ya jua la jioni, na ubavu wa kuonyesha, amekwisha kusema maneno mengi. Cicero, Mrumi, anasimulia habari ya Pythius wa Syracuse, mwenye benki, aliyetaka kumuuzia bustani mgeni aitwaye Canius. Aliwaita wavuvi waje siku ile kuvua mbele ya bustani, na kumtupia samaki miguuni. Canius akaona mashua tele, akaona samaki, akanunua kwa bei aliyotajiwa. Kesho yake hapakuwa na mashua hata moja. Canius alipouliza, Pythius alisema kwamba samaki wote wa Syracuse wako mahali hapo. Lakini kabla ya kusema neno alikuwa amekwisha kupanga picha. (Na huyu Canius, kumbukeni, alikwenda mwenyewe akatazama kwa macho yake. Sembuse sisi.)

Hapa kwetu twaujua mchezo huu, na twauita kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Magari mengi yashukayo bandari ya Dar es Salaam na Mombasa yamenunuliwa Japani kwa picha. Lakini wenye minada ya Japani wana desturi moja niipendayo. Mkaguzi asiye muuzaji wala mnunuzi hulizunguka gari, na katika mchoro wake huandika herufi: A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni dalili ya kutengenezwa, S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula. Karatasi hiyo hufuatana na gari. Twasikia kuwa wako waighushio, na hilo ni ovu lake. Ila desturi yenyewe imekiri jambo la kweli, kwamba aliye mbali ana haki ya macho, na asiye na macho atafutiwe. Mtu wa Scotland hana mkaguzi. Ana mpwa wangu.

Kijana ana hoja, nami sitazidharau. Ya kwanza: kila apendaye Datsun hizi ajua kwamba huliwa na kutu, basi mnunuzi amekwisha kuihesabu hatari katika bei. Ni hoja nzuri kama wote wawili hawajui kilichomo. Hapo wamecheza bahati nasibu kwa hiari. Lakini mmoja akijua, si bahati nasibu tena. Na mpwa wangu ajua. Kabla ya kushika msasa alikuwa mnunuzi aliyedanganywa. Alipokwisha kukata upande wa kulia, amekuwa mtu pekee katika dunia nzima, pamoja na yule Mmarekani, ajuaye kilichomo upande wa kushoto. Ufundi wake umempa gari zuri. Umempa na deni hilo.

Ya pili ndiyo imuumayo zaidi. “Mimi nilidanganywa, Mjomba. Nani alinirudishia?” Hakuna aliyemrudishia. Lakini hasara aliyopewa na Mmarekani ni shauri lake na Mmarekani. Yule wa Scotland hakuwako. Tena si fedha tu. Bei ikipunguzwa yaweza kuponya hasara, haiwezi kuponya hatari. Kiti cha kushoto katika gari hilo ndicho cha dereva, maana lilitengenezwa kwa barabara za Marekani. Na atakayeketi hapo, akiwa na magazeti mahali pa mfupa, ni mtu asiye na hatia yoyote isipokuwa kuamini.

Nami sisemi haya nikiwa mahali pa juu. Nilipokuwa kijana niliuza baiskeli ambayo uma wake wa mbele ulikuwa umevunjika na kuchomelewa. Niliupaka rangi nyeusi. Mnunuzi alipiga kengele, akakagua matairi, akalipa. Sikuulizwa, sikusema. Kwa miezi mingi nilipomwona akiteremka mlima nilitazama kando, na mpaka leo sijui kama uma ule ulivunjika au haukuvunjika, alihama wilaya.

Nilimwandikia kijana hivyo, pamoja na habari ya baiskeli, ambayo mama yake hakuwahi kuisikia. Nikamwambia hana haja ya kubandika ubovu wake katika tangazo kwa ulimwengu wote. Amwambie mtu huyo mmoja, kwa maneno yasiyo na puti.

Jumapili alinipigia simu. Alikuwa ameinua gari, amekwangua rangi ya chungwa chini ya mlango wa kushoto kiasi cha kiganja cha mkono, ametoa gazeti moja, amepiga picha kwa taa, na kuzituma. Mtu wa Scotland alinyamaza siku tatu. Kisha aliuliza bati la boriti hiyo lagharimu kiasi gani, na siku za kuichomelea ni ngapi. Akataja bei mpya, iliyo chini sana ya ile ya kwanza. Mpwa wangu hajaamua kama ataikubali, ama ataazima fedha aimalize boriti mwenyewe. Mtoto amezaliwa, ni msichana.