Pipa Lililoitwa Tupu

Kivumishi empty hufundishwa mapema sana katika madarasa ya Kiingereza. Mwalimu huinua chupa iliyokwisha maji, wanafunzi huitikia kwa sauti moja, The bottle is empty, kisha somo likahamia kwenye full. Sentensi ni sahihi. Ila mwanafunzi huyo atakua, ataingia karakana, na atalikuta neno lilelile limeandikwa kwa chaki ubavuni mwa pipa la petroli.

Benjamin Lee Whorf aliiona hatari hiyo zamani. Alikuwa Mmarekani aliyesomea uhandisi wa kemikali, na mwaka 1919 aliajiriwa na kampuni ya bima ya moto mjini Hartford. Kazi ilimpitisha katika mamia ya ripoti za moto. Alizisoma akitafuta sababu za kawaida, kama vile nyaya mbovu, lakini akaona kwamba mara nyingine chanzo kilikuwa jina watu walilokipa kitu. Penye mapipa yaliyojaa petroli, wafanyakazi walikuwa na hadhari kubwa. Penye mapipa yaliyoitwa empty, walivuta sigara na kutupa vipisi ovyo. Neno liliwaambia humo hamna kitu, wakaliamini. Habari hiyo aliiandika katika makala iliyochapishwa mwaka 1941, mwaka aliofariki.

Humo mlikuwa na nini basi? Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi kali kuliko ya barafu, seuze kwenye joto letu. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hubaki ndani ya pipa hata kizibo kikiachwa wazi. Katika pipa lililojaa, nafasi iliyo juu ya mafuta huwa ndogo, na mvuke huisonga hewa hadi moto ukakosa pa kuanzia. Pipa lililomwagwa lina hewa tele. Mvuke ukifika takriban asilimia 1.4 ya hewa hiyo, na usizidi 7.6 hivi, cheche moja yatosha kulilipua. Na katika pipa la lita 200, kiwango hicho hufikiwa na petroli ya kujaza kijiko kimoja cha mezani. Mafundi wa jua kali pale Kamukunji, Nairobi, wanaogeuza mapipa kuwa majiko na masanduku, wanastahili kuambiwa jambo hili na kila anayewauzia pipa.

Kwa Kiingereza sahihi, empty hukubali kuulizwa: empty of what? Mtu anaweza kuandika The drum is empty of petrol but full of vapour, na sarufi isilalamike hata kidogo. Sheria za usafirishaji za Marekani nazo hazilitegemei neno hilo peke yake: chombo chenye masalia ya kitu cha hatari husafirishwa kwa masharti yaleyale ya kilichojaa, mpaka kisafishwe na mvuke uondolewe.

Ningependa mwalimu wa Kiingereza katika vyuo vya ufundi aiache ile chupa ya maji, afundishe sentensi hii: This drum held petrol and has not been cleaned. Clean lisiandikwe mpaka anayeijua kazi hiyo awe amelisafisha pipa. Hata hapo, fundi mwangalifu hulijaza maji kwanza, akabakiza nafasi ndogo kabisa, ndipo alisogezee moto.